Saumu na Hesabu Zisizo na Njia

Tandika, Temeke
Ijumaa, baada ya kuanua nguo

Kwa dada yangu Tatu,

Shikamoo dada. Naitanguliza shikamoo kama mtu anayepiga hodi mlango wa watu huku ameficha kitu nyuma ya mgongo. Najua unamsubiri Saumu. Najua umeshawaambia mpaka majirani kwamba mtoto wa Hawa anakuja kukaa na mama yake mkubwa. Barua hii ndiyo inayokuja mbele yake, basi nakuomba uisome polepole, usiiache katikati ukanikasirikia kabla hujafika mwisho.

Macho yanaendeleaje? Yale matone uliyopewa hospitali bado unatia, au umeyaweka juu ya kabati ukisema yanawasha? Nakujua. Na shemeji, kifua kimetulia? Sie huku hatujambo, tumechoka tu. Uchovu wa huku si ule wa kulima, wa kulala ukaamka umeisha. Huu unaamka nao, unafagia nao uwanja, unakwenda nao bombani. Baba Shabani tangu walipompunguza kazini yuko Vingunguti machinjioni, anachuna ngozi, anarudi ananuka mpaka paka wa mtaa mzima wanamsindikiza. Namshukuru Mungu ana pa kwenda. Ukindu wako wa kusukia mikeka ulifika, umechelewa siku nne kwa matope ya njiani, lakini haukuoza. Mzigo mzuri, mweupe. Ahsante sana.

Sasa nianze. Lakini dada, siwezi kukueleza yaliyompata Saumu bila kukukumbusha hesabu zetu sie, maana nimezifikiria wiki mbili hizi mpaka kichwa kimekuwa kama mtungi uliogongwa.

Unakumbuka mie nilivyosoma? Mwalimu wetu alikuwa anaingia na fimbo ya mpera, hasalimii, anasema, "Saba mara nane!" na ncha ya fimbo iko puani kwako. Kuelewa hakukuwepo, kuelewa yalikuwa mambo ya watu wazima. Ukisema hamsini na sita, unakaa. Ukisema hamsini na nne, unakaa vilevile, ila unakalia upande mmoja. Mpaka leo mtu akiniamsha usingizini akaniuliza saba mara nane nitamjibu, na mkono nimeukinga usoni. Tukafundishwa na vipimo vya uzito, ratili na wakia. Nikajua wakia ngapi zinafanya ratili moja, na wakia yenyewe sijapata kuiona mpaka kesho.

Halafu ikaja zamu yenu, kisomo cha watu wazima. Wewe, marehemu mama na wanawake wote wa mtaa mmekaa kwenye banda la ushirika, kila mtu na kibao chake. Nilipokuja kuwatembelea nikamkuta mama anabishana na mwalimu. Mwalimu kasema mkulima amevuna magunia kadhaa ya pamba, ameuza kadhaa, yamebaki mangapi. Mama akamwambia, "Mwanangu, mie pamba naijua ya kwenye mto wa kulalia. Niulize nazi." Mwalimu akasema kitabu kimeandika pamba. Mama akasema, "Basi kijibu kitabu." Mpaka yule kijana akasalimu amri, akageuza magunia yote yakawa nazi, na mama akapata hesabu zote. Nilicheka siku ile. Siku hizi sicheki, naona mama alikuwa na haki.

Akaja Shabani wangu na seti. Hii nilikuandikia lakini nadhani hukuniamini. Mtoto wa darasa la pili anachora mviringo, ndani anachora kuku, mwiko na kofia. Nikamwuliza, "Hii nini?" "Seti, mama." "Seti ya nini?" "Ya kuku, mwiko na kofia." "Sasa jibu lake ngapi?" Akanicheka! Jibu halina, ni seti. Mwaka mzima mtoto anavizungushia vitu kamba kama anaogopa vitatoroka. Ikafika na seti tupu, mviringo hauna kitu ndani, na mwalimu kampa vema. Ilikuwa ile miaka ya foleni, unga haupatikani, sukari haipatikani. Baba yake akalitazama lile daftari, akasema, "Hii mbona tunayo, iko jikoni." Halafu mwaka mmoja seti zikaondoka kama zilivyokuja, wala hazikutuaga.

Basi, dada, ndiyo Saumu akanikuta mie nimeshakata tamaa na hesabu za shule. Nikasema huyu namfundisha mwenyewe. Tangu ana miaka sita anakaa nami kibarazani, mie nashona ukili wa mkeka yeye ananihesabia. Wale wanunuzi wa mikeka wanaokuja kutoka Kariakoo wanahesabu kwa korija, ishirini ishirini, kama walivyohesabu baba zao kwetu Kilwa. Basi nami nikamlea kwenye korija. Kila hesabu aipeleke kwanza kwenye ishirini, halafu apunguze zilizozidi. Mikeka kumi na nane, kila mmoja ukili pima kumi na mbili? Korija ya kumi na mbili ni mia mbili na arobaini, ondoa mbili, yaani ishirini na nne, zimebaki mia mbili na kumi na sita. Anasema hivyo huku anatafuna muhogo. Dada, mtoto ana kichwa! Mie nilikuwa nakaa namtazama, nasema huyu ndiye atakayekwenda mbele.

Na daftari, unajua bei zake siku hizi. Vitu vimejaa madukani, ruksa kila kitu, mpaka daftari zenye picha ya maua zipo, lakini kuziona na kuzinunua ni mambo mawili. Nikamwambia Saumu, "Usinijazie karatasi na mahesabu. Hesabu kichwani, andika jibu." Kumbuka maneno hayo, maana ni yangu mie. Hakuna aliyenituma.

Ukaja mtihani wa darasa la nne wa kumaliza mwaka. Saumu akarudi akasema ulikuwa rahisi, amemaliza wa kwanza, akakaa anawatazama wenzake. Wiki ya pili akaja na barua. Akanipa akasimama pale pale, hakukaa. Mwalimu wa hesabu, Mwalimu Damasi, anasema Saumu hana hata njia moja kwenye karatasi yake, majibu matupu, na majibu yote ni sawasawa na ya mtoto aliyekaa naye dawati moja. Kwa hiyo ametazamia. Amepewa sifuri, na mwakani atakariri darasa la nne. Mzazi afike shuleni akitaka.

Nikamwuliza, "Saumu, umetazamia?" Akasema, "Yeye ndiye alikuwa ananitazamia mie, mama. Halafu anaweka njia yake." Nikamwamini. Lakini dada, wewe ni mtu mzima, unajua. Kila mtoto aliyeshikwa husema hivyo.

Baba yake alipoisoma barua ile alikaa kitako mlangoni hata viatu hajavua. Akasema, "Darasa moja mara mbili mie siwezi. Sare, daftari, mchango wa dawati, tuisheni. Mpeleke Kilwa kwa dada yako, macho yake yamechoka, atamsaidia kusuka. Hesabu aliyonayo inamtosha kuuzia mikeka." Nikamwekea maji ya kuoga. Mtu aliyetoka kuchuna ngozi tangu alfajiri unamjibu nini? Kesho yake ndipo nilipokuandikia ile barua fupi, kwamba nitamleta. Niliiandika huku Saumu ananisomea majina ya vituo vya njiani, hajui yanahusu nini.

Lakini sikulala vizuri siku zile. Jumatatu nikavaa ule mkufu wa shanga ulionipa na kanga mpya, nikaenda shuleni. Mtu mzima, mama wa mtoto mwenye ndevu, nikifika kwenye mlango wa ofisi ya walimu nasikia harufu ya chaki na miguu inataka kurudi.

Huyo Mwalimu Damasi ni kijana mdogo, mstaarabu, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti. Akanitolea karatasi ya Saumu. "Mama, tazama mwenyewe. Swali la tano. Shamba lina mistari kumi na nane ya miche, kila mstari miche thelathini na tano. Miche yote mingapi? Yeye kaandika jibu tu. Hili jibu limeshuka kutoka wapi?"

Nikasema, "Mia sita na thelathini."

Akafunika karatasi kwa kiganja. "Umeliona hapa."

"Mwanangu, mie kwa karibu hivyo naona wino tu. Korija ya thelathini na tano mia saba. Ondoa mistari miwili, sabini. Zinabaki hizo."

Walimu wengine walikuwa wanakunywa chai, wakaanza kugeuka. Kijana akachukua chaki, akaenda ubaoni, akaandika arobaini na saba mara kumi na tatu. "Haya hii, mama, haiko kwenye mtihani."

Akaanza kuipiga na yeye, ananing'iniza tarakimu moja chini ya nyingine. Mie nikafumba macho. Korija ya arobaini na saba ni mia tisa na arobaini. Nusu korija mia nne na sabini. Bado tatu, mia na arobaini na moja. "Mia sita na kumi na moja," nikasema. Yeye bado yuko ubaoni. Akapata mia sita na moja. Akafuta. Mwalimu mmoja wa kike mnene, mdomo umejaa kitumbua, akamwambia, "Damasi, mgeni anakusubiri." Wakacheka wote. Akarudia, akapata mia sita na kumi na moja, akageuka amejaa chaki puani.

Hapo nilidhani nimeshinda, dada. Nilikaa vizuri kwenye kiti.

Yule kijana akaja akaketi karibu yangu, hakukasirika. Akasema taratibu, "Mama, sasa nakuamini. Saumu hakutazamia, nimekosa, nitamwomba radhi. Lakini nisikilize. Mtihani wa darasa la saba hatasahihisha Damasi. Atasahihisha mtu asiyemjua Saumu wala wewe, ana karatasi mlima mbele yake. Akikuta majibu matupu, na dawati la pili majibu hayohayo, atafanya kama nilivyofanya mie. Na huyo hutamfuata ukamwonyesha korija." Halafu akaniuliza, "Nani alimwambia asiandike njia?"

Dada, nilitazama sakafu. Nikamwambia ni mie. Kwa sababu ya daftari.

Akasema atampa mtihani mwingine, maswali kumi, peke yake ofisini, Alhamisi. Kila swali na njia yake, hatua kwa hatua. Akipata nusu, anaingia darasa la tano. Asipopata, anakariri, hana la kumsaidia tena.

Siku tatu zile sitazisahau. Shabani alikuja kutoka gereji kwake na mikono ya grisi, akasema niachieni mie, hesabu nilikuwa naziweza. Akachukua penseli, kitu cha kwanza akachora mviringo! Tukamfukuza. Ikabidi Saumu mwenyewe atafute kwenye daftari za wenzake, halafu anifundishe mie ili tufanye pamoja, maana mtoto alikuwa anaogopa kubaki peke yake na zile hatua. Tumekaa mkekani, yeye ndiye mwalimu.

"Mama, andika saba chini ya tatu."

"Ya nini, na jibu tunalijua?"

"Usiruke hatua, mama."

"Mwanangu, mie naruka hatua tangu hujazaliwa."

"Ndiyo maana uko hapa mkekani," akasema. Nilimpiga kofi la mgongo, tukacheka, halafu nikaona anafuta macho. Akaniuliza, "Mama, kama nikikosa nitakwenda Kilwa?" Kumbe baba yake na mie tunavyonong'ona, ukuta unasikia. Nikamwambia aandike saba chini ya tatu.

Kuandika njia kulikuwa kunamchosha kuliko kubeba maji. Jibu analo tayari, limemkaa mdomoni, na mkono uko hatua ya kwanza. Anaharakisha, anakosea hatua, jibu la karatasini linakuwa si lile la kichwani, anafuta, karatasi inatoboka. Na mie, dada, kila alipofuta nilikuwa nahesabu kurasa. Mpaka hapo bado nahesabu kurasa! Jumatano nikatoka nikamnunulia daftari kubwa jipya, nikalisukuma mbele yake, nikamwambia, "Lijaze. Lijaze lote." Hajapata kunitazama vile.

Alhamisi nilimsindikiza, nikakaa nje ya ofisi kwenye msingi wa ukuta, nasuka ukili nimekosea mara tatu. Kengele ikalia, akatoka, uso hauna rangi. Mwalimu Damasi akatoka nyuma yake na karatasi. Alikuwa amefanya maswali sita. Manne meupe, hakuyagusa. Muda ulimwishia yuko kwenye hatua.

Mwalimu akamwambia mbele yangu, "Hizi nne kwa nini hukuandika hata majibu?"

Saumu akasema, "Majibu nilikuwa nayo. Njia ndiyo sikuwahi. Nikaogopa utasema nimetazamia."

Yule kijana akatoa kalamu mfukoni. Akasahihisha pale pale amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. Sita alizofanya zote sawa, njia zote. Sita kati ya kumi, dada. Amepita. Yule aliyepata maswali yote kwa kichwa chake alipewa sifuri, na huyu wa sita amepeana mkono na mwalimu. Nilitaka kufurahi, nikajikuta natafuta pa kukaa.

Na sasa nikwambie jambo la mwisho, ndipo nikuachie upumzike. Juzi amekuja mnunuzi wa mikeka, akasema nipe hesabu ya mikeka ishirini na mbili. Nikamwita Saumu kama kawaida. Akaja mbio, akasimama, nikaona macho yanakwenda juu kama zamani, halafu yakashuka, akasema, "Subiri nilete penseli." Mnunuzi akanitazama. Mie nikageuka kukunja mkeka ili asinione uso. Moyo uliniuma na ukapoa kwa wakati mmoja, wala sijui kueleza. Nilipiga hesabu mwenyewe, na yeye alikuja na jibu lilelile baada ya muda, na hatua zake zote, ananionyesha moja moja.

Dada, sitamleta.

Najua nilikuahidi. Baba Shabani ameniambia, "Sawa, abaki, lakini wewe ndiye utakayemwandikia dada yako, mie sina uso huo." Hata mie sina, ila kalamu haitazami mtu. Wewe uliniandikia kwamba mtoto wa kike hesabu ya pishi na kibaba inamtosha. Labda ingemtosha. Mie imenitosha, nimewalisha kwa hiyo. Lakini imenitosha nyumbani tu. Pale ofisini kwa walimu ilinitosha dakika moja, mpaka walipomaliza kucheka.

Na kuna jambo hatujapata kulisema mie na wewe tangu tumekua. Kwetu nafasi ilikuwa moja. Baba alisema mmoja akasome, mmoja akae na mama kwenye ukindu. Wewe ndiye mkubwa, ilikuwa haki yako, na ulisema, "Aende Hawa, mie sipendi fimbo." Nilikuwa mdogo nikaamini kwamba hupendi fimbo. Nimekuja kujua nikiwa na wanangu mwenyewe kwamba hakuna mtoto anayependa fimbo, na wote wanakwenda. Ahsante sijapata kukupa. Nakupa leo, na palepale nakuomba tena, dada yangu: mpishe na huyu.

Macho yako hayatangoja, hilo nalijua. Ukindu ukianza kukatwa nitakuja mie mwenyewe, nikae mwezi mzima, nikusukie akiba ya kutosha. Vitumbua vyangu ninavyouza asubuhi atauza wifi yake Saumu, mke wa Shabani. Nimeshasema naye.

Nisalimie shemeji, umwambie asivute tumbaku kwa kujificha, kifua kinasema. Nisalimie mjomba mshona viatu, na shangazi wa upande wa pwani kama bado hasikii, basi mpungie mkono tu. Somo yangu mwambie kanga yake ninayo, haijapotea. Na yule mwalimu wako wa kisomo kama yu hai, mpe shikamoo yangu. Mwambie kule kugeuza pamba kuwa nazi kulikuwa ualimu.

Saumu anasema shikamoo mama mkubwa. Ameandika mwenyewe hapo pembeni, kwa penseli, amefuta mara mbili.

Jumatano usitoke kwenda kusubiri basi, dada. Hatakuwemo.

Ni mie mdogo wako,
Mwanahawa, mama Shabani